Ukuta wa Mbao za Kulala

"Ukuta haupigwi juu ya magome," fundi alisema Jumatatu asubuhi, nyundo mkononi. Mtu mwenye nyundo mkononi watu huwa hawambishii, lakini mkewe alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa na woga huo ulishamtoka.

"Kinyozi kapiga juu ya magome. Kaanza Jumamosi asubuhi, jioni kamaliza. Jana kutwa yuko barazani anasikiliza redio."

"Kinyozi ni kinyozi."

"Na ukuta wake umesimama."

"Umesimama leo. Mbao mbichi kazigongelea juu ya magome yenye unyevu, sasa huo unyevu utatokea wapi? Mwezi haupiti zitajikunja kama masikio ya mbwa. Hata rangi hazitashika. Ubao mbichi haunywi rangi, mke wangu, unaitema."

"Sisi hatutafuti rangi, baba. Tunatafuta kuhesabiwa."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi akachomeka nyundo nyuma ya banzi la kwanza, akavuta, na misumari ya kutu ikalia.

Mtaani walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuna kitu alichokiacha kikae mshazari. Hata kikombe chake cha chai alikisogeza mezani mpaka aone chai imelala sawa. Kazi yake ilikuwa kuvika nyumba za watu mbao kwa nje. Milango na vitanda aliwaachia wengine. Nyumba yake mwenyewe aliivika kwa mabaki ya kazi za watu, ukuta mmoja mmoja, miaka na miaka, na ilivyotokea ni kichekesho. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao za kusimama, na kila palipokutana mbao mbili pamefunikwa kwa ufito mwembamba. Hizo zilibaki kwenye ujenzi wa shule. Wa kulia ulikuwa wa ulimi na mfereji, kila ubao umeuingiza ulimi wake kwenye mfereji wa mwenzake hata huoni pa kupitisha wembe. Hizo zilitoka kwa daktari mmoja aliyebadili mawazo akataka tofali. Nyuma kulikuwa na vigae vya mbao, vidogo vidogo, vimepangwa kama magamba ya samaki. Kinyozi, jirani yao wa ubavuni, alikuwa akisema ile si nyumba, ni kile kitabu cha vipande vya vitambaa ambacho Mama Vifungo huwaonyesha wateja wachague.

Mama Vifungo ndiye mke wa fundi. Alikuwa na cherehani yake, akishona sare za shule, na jina alipewa na wanafunzi.

Ukuta wa mbele tu ndio uliokuwa bado wa mabanzi, yale makombo ya gogo ambayo kiwanda cha mbao huyakata pembeni na kuyatupa, upande mmoja ubao, upande mwingine bado mti na magome yake. Na ukuta wa mbele, kwa bahati mbaya, ndio unaoonekana.

Kabla ya wiki mbili hizi hilo halikumsumbua mtu. Kisha ikapita gari yenye kipaza sauti ikitangaza kwamba mtaa wote wa kando ya mto utaondolewa upishe mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Kesho yake karatasi ikabandikwa kwenye kibanda cha maji, watu wakasongamana kuisoma. Ilisema majengo yatahesabiwa na kuandikwa herufi nyekundu. Jengo lenye kuta nne za tofali au za mbao ni nyumba, litaandikwa N, na mwenyewe atapewa kiwanja na mabati ng'ambo ya pili. Jengo la mabanzi, maturubai au mabati chakavu ni banda, litaandikwa B, na mwenyewe atakuwa na siku kumi na nne za kuhama, aende anakokujua. Upande wa juu wa mtaa wangehesabiwa kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano. Upande wa chini, Alhamisi.

Fundi na mkewe walikuwa upande wa chini. Walikuwa na kuta tatu, walihitaji wa nne, na zaidi ya hapo hawakuwa na mbele wala nyuma.

Siku hiyohiyo fundi alimfuata mwenye hoteli aliyekuwa akimfanyia kazi, akamwomba ampe mbao badala ya ujira wake. Akapewa mbao arobaini, zimetoka kwenye msumeno zinanuka utomvu. Akazipanga uani kivulini, safu juu ya safu, vijiti katikati upepo upite, na kila asubuhi akawa anazitembelea kama mgonjwa. Anainua mmoja, anaupima uzito kwa mkono, anauweka shavuni.

"Bado una maji," anasema.

"Na sisi tuna siku kumi," mkewe anajibu. Kesho yake anasema tisa.

*

Mabanzi yalipotoka, kilichotokea nyuma yake kilimkata maini Mama Vifungo. Nguzo mbili kati ya tano zilikuwa zimeliwa na mchwa kutoka chini, ukizigusa unaona zimebaki ganda. Fundi alizichungulia kwa muda mrefu.

"Ningepiga juu yake," alisema, "ungeanguka na ukuta wako."

"Sawa, umeshinda. Badilisha."

Kubadilisha nguzo mbili kulikula Jumatatu yote. Lakini siku hiyo nyumbani mle kulitokea jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipigia hesabu, nalo ni bibi.

Bibi, mama yake fundi, alikuwa amepooza upande wa kulia mwaka wa pili sasa. Kitanda chake kilikaa sebuleni, ubavuni mwa ukuta wa mbele, na kwa miaka miwili alichokiona ni upande wa ndani wa mabanzi. Sasa mabanzi hayapo. Mwanga uliingia mpaka chini ya kitanda, ukaonyesha vumbi, ndara iliyopotea tangu mwaka jana, na uso wa bibi, ambao Mama Vifungo aligundua kwa aibu kwamba hakuwahi kuuona vizuri kwa siku nyingi.

"Kumbe ule mlango wa pale mbele waliupaka buluu," bibi alisema. Maneno yake yalitoka yakiburuta, lakini yalitoka.

"Muda mrefu, mama."

"Na yule ni nani? Mbona kanenepa hivyo?"

"Mama, atakusikia!"

"Asikie. Mimi namsifu."

Basi ikawa shughuli. Kila anayepita bibi anamwamkua, na kila anayeamkuliwa anasimama. Watu waliodhani kwamba bibi alishafariki zamani walikuja kumshika mkono. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa akaja kusimama mbele ya kitanda.

"Bibi, leo uko kwenye luninga!"

"Wewe ndiye uko kwenye luninga," bibi alimjibu. "Mimi natazama. Hebu sogea, unanizibia."

Mama Vifungo alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Jioni walishusha turubai, na bibi akanuna kama mtoto aliyezimiwa taa.

*

Jumanne asubuhi fundi alikuwa ameshapanga misumari kwenye kopo na kuupiga randa ubao wa kwanza, pale mama yake alipomwita.

"Mwanangu. Ukishapiga huo ukuta, utaniwekea dirisha?"

"Ukuta ukiwa na tundu wataleta maneno, mama. Nitaweka wakishapita."

"Basi niachie mpaka mchana. Wale wanafunzi wanatoka saa sita, jana sikuwaona vizuri."

Fundi akamtazama mkewe. Hapo ndipo Mama Vifungo angeweza kusema hapana. Alikuwa na kila sababu, na mdomo alikuwa nao. Lakini leo ni Jumanne, wanahesabu Alhamisi, na mbao arobaini ni kazi ya nusu siku kwa fundi kama huyu. Isitoshe alikuwa ameshamvalisha bibi kitenge kile kizuri na kumchana nywele, mwenyewe bibi kataka, kwa ajili ya watu.

"Piga randa zote kwanza," alimwambia mumewe. "Misumari tuanze saa saba."

Akamwongezea bibi mto wa pili mgongoni, aone vizuri.

Saa nne hivi, wakatokea watatu. Mbele alikuwa dada mmoja mwenye ubao wa kuandikia kifuani na jasho puani, karani wao. Nyuma yake mtu wa kamera, na wa tatu amebeba kopo la rangi nyekundu na brashi. Walikuwa wamesimama kwa Kinyozi, na Mama Vifungo, akiwa kwenye cherehani, alisikia brashi ikipita ukutani na Kinyozi akipiga kigelegele kama mama wa bibi harusi. N.

Mama Vifungo alitoka na uzi shingoni.

"Jamani, si mlisema Alhamisi?"

"Kule juu kuna lori la mchanga limekwama, limeziba njia," karani alisema. "Tumeambiwa tuanzie huku."

"Lakini karatasi inasema Alhamisi!"

"Najua, mama. Hata mimi nilijua leo niko juu." Alitazama nyumba, akatazama karatasi yake. "Ukuta wa mbele ni wa nini?"

"Mbao," fundi alisema. Alikuwa ametokea uani na randa mkononi, mavumbi ya mbao kwenye nyusi.

"Za kusimama au za kulala? Kuna kisanduku hapa."

"Za kulala. Za kupandishana," fundi alisema, na Mama Vifungo akasikia ile sauti yake ya fahari, sauti ya kuongea na wateja. "Ubao wa juu unaukalia wa chini kidogo, mvua inateleza."

Mtu wa rangi alichungulia uani, akaona mbao zimepangwa chini kwenye safu zake.

"Kweli," alisema. "Zimelala."

Mtu wa kamera akacheka. Karani hakucheka, na kwa hilo Mama Vifungo alimshukuru hata baadaye, alipokuwa hana cha kumshukuru mtu.

"Dada yangu, tupe muda kidogo," alisema. "Mume wangu ni fundi wa kazi hii hii. Mbao hizo hapo, misumari hiyo hapo. Nendeni kwa wengine mrudi."

"Tukishapita haturudi nyuma. Namba zinafuatana." Alipangusa jasho kwa mkono wa blauzi. "Mimi naandika ninachokiona, mama. Nikiandika nisichokiona, kazi sina."

"Basi dakika kumi. Kumi tu."

Karani alitazama saa. "Tano. Ngoja ninywe maji."

Kinyozi alikuja mbio. Yeye na Mama Vifungo walinyakua mbao, wakazisimamisha wima kwenye nguzo, mbili, tatu, nne, wakiziegemea kwa mabega zisianguke. Bibi kule ndani alipiga kelele kwamba wanamzibia.

"Mkiziachia zinabaki?" karani aliuliza, kikombe cha maji mdomoni.

Kinyozi aliachia wa kwake kupiga chafya na ukaanguka.

Na fundi? Fundi alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameweka ubao wa kwanza chini kabisa, kwenye msingi, na juu ya ubao ameweka pimamaji, na anangoja kile kitone cha hewa kitulie katikati.

"Baba!" Mama Vifungo alipiga yowe. "Anzia juu! Anzia pale panapoonekana!"

"Haianzii juu." Alipiga msumari. "Wa juu ndio unaoukalia wa chini. Ukianzia juu maji yanaingia ndani."

"Maji gani? Maji gani sasa, baba wee?"

Katika miaka kumi na tisa mkewe hakuwahi kumwona akikosa msumari, na sasa alikosa miwili, akajigonga kidole gumba, asijali. Lakini aliweka pimamaji kwenye ubao wa pili. Aliweka kwenye wa tatu. Hakuwa na ukaidi, mtu wa watu. Mama Vifungo alilielewa hilo palepale na likamvunja nguvu. Mikono yake haikujua namna nyingine.

Dakika tano zilipokwisha, ukuta ulikuwa umefika magotini.

"Pole sana," karani alisema, akaandika.

Mtu wa kamera alirudi nyuma hatua tatu apate jengo lote. Bibi, aliyeona mtu mgeni amesimama na kumwelekea kwa heshima, aliinua mkono wake mmoja mzima na kumpungia.

"Shikamoo bibi," karani alisema.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, mbona mnasimama nje?"

Kamera ikalia. Mtu wa rangi alichovya brashi, akazunguka mbele ya nyumba akitafuta. Nguzo zilikuwa nyembamba, na mbao tatu za chini aliona atainama sana.

"Hakuna pa kuandika," alisema.

"Iache," karani alisema. "Utarudi pakipatikana."

*

Ukuta ulikwisha Jumatano mchana. Jamani, ungeuona huo ukuta! Mbao thelathini na nane, kila mmoja umeukalia mwenzake kwa upana wa vidole viwili, zimenyooka kama marinda ya sare mpya yaliyopigwa pasi. Vichwa vya misumari vimezamishwa na kuzibwa. Wapita njia walisimama wakapitisha viganja vyao juu yake. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko wote wa mtaa ule, na ndani bibi alikuwa gizani tena.

"Sikiliza Pimamaji," Kinyozi alisema. Alikuja kila baada ya mteja mmoja, anaona aibu na N yake. "Wewe una herufi?"

"Sina."

"Basi kama huna herufi, huna kesi. Wenye B wamekwisha hukumiwa. Wewe bado. Nenda ofisini kesho, waambie waje waone."

Maneno hayo Mama Vifungo aliyashika kwa mikono miwili. Alilala nayo, akaamka nayo. Alhamisi alimpigia mumewe pasi shati la kola, akafungua begi lake akavaa viatu vya kubana, wakaenda.

Ofisini palikuwa na mabenchi mawili. Askari mlangoni alikuwa anapanga watu. "Wenye N benchi hili, wenye B lile. Ninyi?"

"Hatuna herufi."

"Hakuna benchi la wasio na herufi."

Wakasimama. Walisimama kutoka saa mbili mpaka saa saba kasoro, na kila walipotaka kuegemea ukuta askari aliwaambia umepakwa rangi juzi. Viatu vilimfinya Mama Vifungo mpaka machozi, akajikaza kisabuni. Fundi aliutazama ukuta wa ofisi, akainamisha kichwa kidogo kushoto, na mkewe akajua ameona hauko sawa.

"Usiseme," alimnong'oneza.

"Sijasema."

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua. Aliandika namba yao kwenye kompyuta, picha ikatokea.

"Hapa naona kitanda nje," alisema.

"Kitanda hakiko nje, mheshimiwa," Mama Vifungo alisema. "Kiko ndani. Ukuta ndio haukuwepo."

"Ndiyo hivyo nasema. Ukuta haukuwepo." Akaikuza picha. Kitenge kikajaa kwenye kioo, kisha uso wa bibi, jino lake moja la mbele, mkono umeinuliwa. Anacheka. Kijana wa meza ya pili alisogea kutazama. "Huyu anamsalimia nani?"

"Ninyi," Mama Vifungo alisema. "Anawakaribisha ninyi."

Kijana akacheka, akaita mwenzake. Fundi aliangalia sakafu. Mama Vifungo alitamani auzibe uso wa mama mkwe wake kwa kiganja, lakini kompyuta ilikuwa ng'ambo ya meza.

"Ukuta umekwisha sasa," fundi alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. "Njoo uone. Ni wa mbao kavu. Ninyi wenyewe mlisema Alhamisi, na leo ndiyo Alhamisi, na ukuta upo."

"Mzee, mimi sitazami nyumba. Natazama picha." Alipenga kamasi, akakunja kitambaa vizuri. "Kazi iliisha mapema, orodha imefungwa jana. Nikiifungua kwa ajili yako, watu mia mbili wapo hapo nje." Kisha, kama mtu anayeuliza kwa kutaka kujua tu, akasema, "Lakini na wewe, kwa nini ulibomoa? Si ungepigilia tu juu ya yale mabanzi? Ungeonekana nyumba."

Fundi alifungua mdomo. Mama Vifungo alingoja amweleze habari za magome, na unyevu, na mchwa, na nguzo mbili zilizobaki ganda. Alingoja kwa moyo wote.

"Ndiyo," fundi alisema.

Wakatoka.

Njiani Mama Vifungo alivua viatu akavibeba. Walitembea mpaka karibu na kibanda cha maji.

"Sema," fundi alimwambia.

"Sina la kusema."

"Sema tu. Nimekusikia tangu juzi."

"Haya, nasema! Siku moja, baba! Siku moja ungefanya kazi mbovu kama watu wengine!" Alikuwa amesimama katikati ya njia, viatu vikining'inia mkononi, na watu wanapita. "Nyumba za matajiri umezivika, zote ziko sawa, zote hazivuji. Hii moja ya kwetu ingevuja kuna nini?"

Fundi alikuwa anashika kile kidole gumba chake cheusi.

"Mama alitaka kuwaona wanafunzi," alisema mwishowe, polepole, si kwa kujitetea.

Hapo hasira yote ikamwishia Mama Vifungo, kwa sababu alikumbuka mto. Mto wa pili mgongoni mwa bibi aliuweka yeye.

"Tusimwambie," alisema.

"Tusimwambie."

*

Jumamosi walikuwa wote nyumbani. Fundi alikuwa anapima ndani palipofaa dirisha la bibi, anapima na kufuta, anapima na kufuta, kama mtu asiyejua kama akate. Tangu orodha ifungwe, zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za kuhama. Nje hatua zikasimama, na Mama Vifungo akatoka akiwa na kipande cha sare mkononi.

Alikuwa yule mtu wa rangi, safari hii peke yake, na kopo lake na karatasi yenye namba. Alionekana ametembea sana.

"Shikamoo mama. Nilibakiza hapa kwenu." Akatazama mbele ya nyumba na akasahau alichokuwa anasema. Aliweka kopo chini. Alipitisha kiganja juu ya ubao, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akainama kuangalia mistari kwa ubavuni, jicho moja amefumba.

"Loo! Huu ndio ule uliokuwa magotini?"

"Ndio huu," fundi alisema kutoka mlangoni.

"Na fundi ni wewe?"

"Mimi."

"Umenyooka, mzee. Umenyooka kweli. Mimi nina nyumba naimaliza kule ninakokaa, mafundi wananizungusha tu." Alijipapasa mifuko. "Una namba ya simu?"

Fundi alimtajia. Mama Vifungo alisikiliza zile tarakimu zikitoka moja moja, na mtu wa rangi akiziandika nyuma ya karatasi ileile yenye namba ya nyumba yao. Alitaka kupiga kelele. Lakini angemwambia nini huyu, ambaye kazi yake ni brashi?

"Nitakupigia mwezi ujao," mtu wa rangi alisema. Akafungua kopo. "Mtaniwia radhi lakini."

Akaandika B. Alianzia karibu na mlango, usawa wa kichwa cha mtu, akashusha mstari, kisha tumbo la juu, kisha la chini. Kwa Kinyozi pale ubavuni N ilikuwa imeanza kubanduka magamba, mbao mbichi zinaitema, tayari mguu mmoja wa herufi umedondoka. Lakini kwenye orodha ya ofisini haikubanduka. Hapa rangi haikuchuruzika hata tone. Ubao uliinywa palepale. Fundi alisogea karibu, akaitazama jinsi ilivyoshika, na Mama Vifungo aliona, Mungu amsamehe, kwamba sehemu moja ndogo ya mumewe ilikuwa inafurahi.

"Ni nani huyo anasugua?" bibi aliita kutoka ndani.

Walitazamana.

"Mtu wa rangi, mama," Mama Vifungo alisema. "Anapaka ukuta."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Sauti ya bibi ikatoka ikiburuta kupitia mbao kavu zile, wazi kama yuko nje.

"Nyekundu nzuri. Mwambieni asiache nusu nusu. Apake wote."